Kompyuta Moja, Serikali Mbili: Mwongozo kwa Nyumba za Mpakani

Mtu wa Mundika hahitaji kufundishwa kuishi na serikali mbili. Panda boda kutoka hapa hadi Busia mjini, na kabla hujashuka simu imeshaanza kunasa mtandao wa Uganda. Pochi ina shilingi za aina mbili na hakuna anayeshangaa. Basi usikubali fundi yeyote akwambie kwamba kuweka Windows na Ubuntu kwenye kompyuta moja ni mambo ya mainjinia wa Nairobi. Ni mambo yako, na utayaweza.

Haja ya kuyafanya ipo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa zisizo za zamani sana, na laptopu nyingi za mtumba zilizojaa madukani kwetu hazifikii hapo. Mashine ni nzima, kibodi haina tatizo, skrini inang'aa, halafu unaambiwa ununue nyingine! Usinunue. Ubuntu 24.04, mfumo wa ukoo wa Linux, haiuzwi, na masasisho yake ya kawaida yanakuja hadi 2029. Kama mashine ina RAM ya GB 4 tu, chukua Xubuntu au Linux Mint ya Xfce, zina mwili mwepesi.

Lakini Windows usiing'oe kwa hasira. Tuseme baba ni ajenti wa kliaransi, ana majedwali ya Excel yenye makro alizozizoea miaka nenda rudi. Binti anasoma kompyuta Chuo Kikuu cha Alupe, anataka Linux. Hakuna sababu ya mmoja kumhamisha mwenzake. Windows 10 ibaki kwa kazi za nje ya mtandao, na shughuli za benki, eCitizen na barua pepe zihamie Ubuntu.

Sasa, kabla ya kugusa chochote, toa nakala. Hapa sitaki mzaha. Vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, hati ya shamba, picha za nyanya aliyekwisha kututoka: hiyo ndiyo mali iliyomo ndani ya hiyo kompyuta. Windows unaweza kuipata tena hata kesho, Ubuntu pia, lakini picha ya nyanya haipo popote pengine duniani. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, fungua mafaili machache uone kweli yanafunguka, kisha ichomoe na uiweke chumba kingine. Anayekwambia hatua hii ni ya waoga, mwondoe kwenye kiti na umpe chai.

Kazi yenyewe ifanye asubuhi. Jioni ukanda huu wa ziwa una mvua na radi zake, na stima haiagi ikienda. Ikikatika katikati ya kupunguza patisheni, yaani kipande cha diski, mafaili yanaweza kuharibika vibaya. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji. Kompyuta ya mezani iazimiwe UPS.

Ingia Windows, fungua Disk Management, utazame bila kubofya. Kwenye mashine za UEFI, yaani zenye mfumo mpya wa uwashaji, kwa kawaida utakuta kipande kidogo cha EFI, mara nyingi MB 100, kisha C yenyewe, na nyuma yake kipande cha kurejeshea Windows ikiugua. Kuna kingine cha MB 16 ambacho hata hakionyeshwi hapo. Vipande hivi vinamtia mtu hamu ya kusafisha. Mikono mfukoni! Cha EFI ndicho kinachobeba programu za kuwashia mifumo yote. Ukikifuta, mashine haitajua pa kuanzia. Kama diski ni ya mpango wa zamani wa MBR, inakubali patisheni nne kuu tu na haivuki TB 2. Mpango mpya wa GPT unaruhusu hadi 128 kwenye Windows, ingawa mwenye kuhitaji hata kumi na mbili nyumbani ningependa anieleze.

Angalia pia kama BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, imewashwa. Ufunguo wake wa kurejeshea una tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, kwa mkono, karatasi ikae na hati ya shamba. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike powercfg /h off. Amri hiyo inaua usingizi mzito wa Windows pamoja na ule uwashaji wa haraka ambao huacha diski ikiwa imefungwa nusu, Ubuntu ikifika inakataa kuandika. Pia inafuta faili kubwa ambalo huzuia C isipungue.

Punguza C ukiwa ndani ya Windows, maana yenyewe inajua mafaili yake yasiyohamishika yamelala wapi. Diski ya GB 256, ambayo Windows itaiita 238, ningeigawa hivi: Windows 90, Ubuntu 45, na zote zinazobaki, kama 100, ziwe patisheni ya tatu ya NTFS isiyo na mfumo wowote. Hiyo ya tatu ndiyo roho ya mwongozo huu. Ipe jina MALI YA NYUMBANI, kwa herufi kubwa, ili fundi mgeni asiseme hakuiona. Kwenye Windows bofya kulia folda ya Documents, ingia Properties, kisha Location, uihamishie huko. Kwenye Ubuntu fanya patisheni hiyo ifunguke kila mashine inapowaka. Siku mfumo wowote ukifa, unazikwa peke yake. Patisheni ya swap usihangaike nayo. Tangu toleo la 17.04 Ubuntu hutumia faili tu.

Faili la Ubuntu lina takriban GB 6, kwa hiyo pakua saiba au penye bando ya kutosha, ulipike kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi. Windows hutangulia, Ubuntu hufuata. Katika kusakinisha utaulizwa kama ufute diski yote. Soma skrini hiyo polepole, soma tena, chagua kugawa mwenyewe kwa mkono. Familia nyingi zimepoteza kila kitu kwa kubonyeza pale kwa haraka.

Ukimaliza, GRUB, menyu ya kuchagua mfumo, itakupokea kila uwashapo, ikikuuliza unaelekea upande upi. Ni kama kile kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Kenyatta na Rais Museveni: unasimama mara moja tu, unashughulikiwa, unavuka.

Kuna jambo moja litakalokushtua. Kenya na Uganda zina saa moja. Ukivuka Malaba hugusi mkono wa saa. Lakini ukitoka Ubuntu kuingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu kamili, na ajenti wetu anadhani bado ana muda wa kuwasilisha nyaraka. Ubuntu huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya kimataifa, Windows huiweka kwa saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Andika kwenye Ubuntu timedatectl set-local-rtc 1, kisha urekebishe saa mara moja.

Windows ikijisasisha inaweza kujipanga mbele, GRUB isionekane. Usiite fundi. Bonyeza F12 kwenye Dell au Lenovo, F9 kwenye HP, uchague Ubuntu. Mwezi Agosti 2024 sasisho moja la Microsoft lilizuia baadhi ya Linux kuwaka kabisa, na suluhisho likaja Mei 2025. Ndiyo maana fleshi ile ya kusakinishia haifutwi ili ijazwe nyimbo.

Na binti akihitimu na kuondoka na laptopu yake mpya, msikimbilie kufuta patisheni ya Ubuntu. Kwanza ingieni mpangilio wa UEFI, muiweke Windows mbele, muwashe mara mbili kuhakikisha inawaka bila GRUB. Hapo ndipo mfute, na zile GB 45 muziongeze kwenye MALI YA NYUMBANI, baada ya kutoa nakala nyingine.