Panya Asiyedai Posho

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina panya wa matabaka mawili. Panya shamba, mla mahindi, anatafitiwa ili apungue. Panya buku anafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Sampuli 100 za makohozi anazipitia kwa dakika 20, bila kuulizia nauli wala chai ya saa nne. Mmoja wao, Magawa, alikwenda kunusa mabomu Kambodia. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu.

Wasomi wetu nao hawajalala. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi, ilipoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, tasnifu zilifuata, kwa Kiingereza safi, kila moja ikihitimisha kwamba utafiti zaidi unahitajika. Mkulima wa Kondoa, aliyeanika mahindi kwenye udongo mtupu badala ya turubai, anasubiri huo utafiti zaidi umfikie kwa lugha anayoisoma.

Tofauti ya panya na wasomi ni utaratibu wa malipo tu. Panya hupewa kipande cha ndizi baada ya kugundua. Wasomi kwenye warsha husaini posho kwanza, ugunduzi utafuata bajeti ikiruhusu.