Bermuda ya Goba
Jirani yetu hapa Goba kaung'oa ukoka wote uliojiotea mbele ya nyumba, kauchoma, kisha kamlipa fundi bustani ampandie Bermuda. Msimwambie, jamani: Bermuda ya kawaida ni ukoka huohuo, Cynodon dactylon, mwenyeji wa Afrika, ila huu umekuja kwa pikapu. Ulipokuwa wa bure uliishi kwa umande na mvua za vuli. Sasa unaletewa boza la maji, na mama mwenye nyumba anaoga kwa kopo. Mbuzi wamefukuzwa, kakodiwa kijana wa kufyeka. Watoto marufuku kukanyaga. Wageni tunakalishwa barazani, kwenye saruji, tuyatazame majani. Chini ya mwembe Bermuda imeanza kunyauka, kwani haipendi kivuli. Mwenyewe kashaamua: mwembe ukatwe.