Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayofundisha Kutunza Muda

Kwa Mheshimiwa Mshauri wa Wanafunzi, chuo kikuu, Dar es Salaam.

YAH: SEMINA YA MATUMIZI BORA YA MUDA KWA MWAKA WA KWANZA

Pongezi kwanza. Kila mwaka mpya wa masomo wageni wa chuo huitwa ukumbini saa 2:00 asubuhi, nao hufika. Mgeni rasmi huingia saa 4 na ushee, hupigiwa makofi, kisha hueleza kwa uchungu jinsi vijana wa siku hizi wasivyojali muda. Mafunzo kwa vitendo yanatangulia nadharia, kama wataalamu wa mitaala wanavyotaka.

Nadharia yenyewe ni mbinu ya Pomodoro, aliyoibuni Mwitalia Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, naye akiwa mwanafunzi wa chuo. Saa ya jikoni yenye umbo la nyanya hutegwa dakika 25, mtu akasoma bila kuinua kichwa, akapumzika dakika 5. Mbinu safi kabisa. Ila Cirillo hakuwa amepanga gheto Mbezi.

Mwanafunzi wa chuo cha IFM, pale Mtaa wa Shaaban Robert, au wa chuo cha DIT, aliyekosa hosteli akapanga huko, ana kipindi saa 1:00 asubuhi. Anatoka saa 10:30 alfajiri, anagombea daladala hadi Kimara, anaunga mwendokasi. Mabasi hayo yalianza mwaka 2016 kwa ahadi ya kufupisha safari, na kweli yanafupisha, siku ambayo mtu amefanikiwa kuingia ndani. Masika yakikolea, Mto Msimbazi hufurika Jangwani, Barabara ya Morogoro ikafungwa, basi likaishia Magomeni. Inaonekana mto huo haujapelekewa nakala ya ratiba.

Anaingia darasani saa 1:20, shati limelowa. Simu inatetemeka. CR, kiongozi wa darasa, ameandika kwenye grupu la WhatsApp: “Dokta amepata dharura. Kipindi cha fidia Jumamosi saa 1.”

Nyanya itegwe saa ngapi hapo?

Hesabu za muda, Mheshimiwa, si za wanafunzi. Ni Tume ya Vyuo Vikuu inayosema krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima ni krediti 120, yaani saa 1,200. Humo mna lekcha, semina, mazoezi ya vitendo, kujisomea na mitihani. Foleni ya kufuatilia matokeo yasiyoonekana kwenye mfumo haimo. Kumvizia msimamizi wa utafiti mlangoni kwake, naye yuko safarini Dodoma, pia hakumo. Ndiyo maana wanafunzi wana pendekezo dogo: ianzishwe kozi ya KS 101, Misingi ya Kusubiri, krediti 12, ya lazima kwa fani zote. Hakuna atakayepata sapu.

Na isisemwe kwamba vijana hawabuni chochote. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kiwango kilichopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500. Bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likichelewa, wanufaika hupiga pasi ndefu: chai inarukwa, cha mchana kinarukwa, mtu anakula mara moja tu saa 11 jioni, wali maharage kwa mama ntilie, na maji mengi juu yake. Muda unaookolewa kwa njia hiyo ni mwingi mno. Cirillo hakufika huko.

Wapo, kweli, wanaokesha na tamthilia za Kikorea muhula mzima, halafu wiki ya UE, mitihani ya mwisho, wanazunguka vyumbani kuomba notisi. Hao waendelee kusemwa, tena kwa sauti. Lakini wasitumiwe kumfunika yule wa Mbezi, ambaye daftari lake la ratiba limejaa wino mwekundu wa mabadiliko aliyoyafanya mtu mwingine.

Basi ofisi yako, Mheshimiwa, iombe kwa niaba yao mambo yaliyo ndani ya uwezo wa chuo. Ratiba ya mitihani ikishabandikwa isibadilishwe usiku wa kuamkia mtihani. Fidia isipangwe kabla wanafunzi hawajaulizwa. Na mwalimu asiyekuja aseme jana yake, ili alfajiri yule wa Mbezi abaki kitandani.