Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye funguo za kabati

Mheshimiwa sana,

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU LA KUPATIWA MSIMBO CHANZO WA MFUMO WA MISHAHARA

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Kwanza nakupongeza kwa jinsi ulivyoupokea mfumo wetu mpya: zulia jekundu, matarumbeta, na ile diski uliyoiinua mbele ya kamera kabla ya kuifungia katika kabati lenye makufuli mawili. Hakuna mwizi atakayeigusa. Kwa masikitiko, hakuna fundi atakayeweza kuirekebisha pia.

Pili, naomba radhi kwa kuchelewa kutekeleza agizo lako. Ulielekeza kiwango cha makato kibadilishwe kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa ni kufuta namba moja na kuandika nyingine. Umesema kweli tupu, Mheshimiwa. Ila namba hiyo hubadilishwa katika msimbo chanzo, na kilichomo kabatini si msimbo chanzo.

Najua haya unayafahamu kuliko mimi. Nayakumbusha kwa faida ya wasomaji wengine. Fundi huandika msimbo chanzo kwa maneno yanayosomeka na watu, yenye majina kama makato_ya_pensheni na maelezo ya pembeni ya kwa nini mstari fulani uliwekwa. Prosesa haielewi hata neno moja la hayo. Kwa lugha ya C, iliyotumika kuandika mfumo wetu, kazi hupita hatua nne. Ya kwanza hufuta maelezo ya pembeni na kuingiza mafaili mengine yaliyoitwa na msimbo. Ya pili ni ya kompaila, ambayo hukagua sarufi na kuirudisha kazi kwa kukosa nukta-mkato moja tu, bila kujali cheo cha mwandishi, kisha hugeuza msimbo kuwa maagizo ya asembli. Ya tatu, asembla huyageuza maagizo hayo kuwa namba. Ya nne, linka huunganisha vipande vyote na maktaba zinazohitajika, likapatikana faili moja la kuendeshwa, ndilo lililomo kabatini.

Mhasibu anapobofya, kerneli ya Linux husoma mwanzo wa faili hilo. Ikikuta baiti 7F ikifuatwa na herufi E, L na F, hujua muundo wake, hulitengea nafasi katika memori, na kipakizi hutafuta maktaba zilizobaki nje. Ndipo prosesa hupewa agizo la kwanza, na mshahara wako ukaanza kukokotolewa.

Hasara hutokea njiani. Fundi akiandika 7 × 24 × 60 × 60 ili apate sekunde za wiki, kompaila hupiga hesabu mapema na kuacha 604800 peke yake. Sababu ya namba hiyo haionekani tena. Majina nayo kwa kawaida hupotea. Zipo zana za kujaribu kurudi nyuma, lakini hutoa msimbo wa kubahatisha, usio na majina wala maelezo. Ugali haurudi kuwa unga, Mheshimiwa, hata kwa waraka wenye muhuri.

Mkandarasi aliyetuandikia mfumo, ambaye adabu inanizuia kumtaja, ametujibu kwa upole kwamba msimbo ni mali yake, na kwamba kubadilisha namba ile ya makato kuna ankara yake. Nimeusoma mkataba mara nyingi kwa kufurahia saini yako. Msimbo haukutajwa popote.

Wala ombi langu si geni duniani. Leseni ya GNU GPL, ambayo toleo lake la 2 lilitoka 1991, humtaka anayekugawia programu ya kuendeshwa iliyo chini yake akupe na msimbo wake, au njia ya kuupata. Lakini msimbo pekee hautoshi. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha kwamba kompaila inaweza kupenyeza ndani ya programu jambo ambalo halimo kabisa katika msimbo. Kwa hiyo ijulikane pia nani aliijenga programu kutoka kwenye msimbo, na kwa kompaila ipi.

Kwa heshima zote, basi, naomba mkataba ujao udai mambo matatu: msimbo chanzo wote, maelekezo ya kuujenga pamoja na matoleo ya kompaila na maktaba zilizotumika, na mafundi wako waujenge wenyewe, kwenye mashine zako, mbele ya mkandarasi, kabla hujasaini malipo ya mwisho. Ujenzi ukikwama siku hiyo, kalamu irudi mfukoni.

Kabati libaki na makufuli yake. Ila safari hii kiwekwe ndani kitu kinachostahili kufungiwa.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Fundi programu, chumba cha seva