Jinsi ya kumlaza tapeli njaa, Kambove

Tapeli wa dosie za serikali haji Kambove. Anapiga simu. Kwa sauti ya mkubwa wa biro atakuita mama patron, atataja jina la depo yako, atakusomea namba yako ya RCCM, ile rejista ya biashara, na Numéro Impôt yako, namba ya mlipa kodi, tarakimu kwa tarakimu, kisha atasema dosie yako ya mtandaoni imekwama Lubumbashi, na ukituma dola hamsini sasa hivi kwa namba atakayokupa, itafunguka kabla ya saa sita. Wengi wanamwamini kwa jambo moja tu: anazijua namba. Tumnyang'anye hiyo kwanza.

Chukua faktira yako uisome. RCCM, Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na Numéro Impôt zimo, na sheria inataka ziwemo. Umezichapisha mwenyewe, ukazipiga tampo, ukawagawia wateja, na pengine umezichora hata kwenye kibao cha nje. Tapeli hakuvunja kompyuta yoyote ya serikali. Alimtuma mtu anunue mfuko mmoja wa saruji na kuomba risiti. Nayo RCCM ni rejista ya wazi chini ya kanuni za OHADA, zilizoanza kutumika Kongo Septemba 2012, ili anayekukopesha ajue wewe ni nani. Basi usijisumbue kuzificha. Mtu akikusomea namba hizo kwa simu, mpe heshima unayompa anayesoma kibao chako akipita njiani.

Vya kufichwa ni vingine: PIN ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, msimbo wa tarakimu unaoingia kwa SMS, neno la siri la barua pepe, picha ya kadi yako ya uchaguzi, sahihi na tampo vikiwa kwenye karatasi tupu. Hakuna ofisi inayohitaji PIN yako ili ikuhudumie. Anayeiomba amekwisha kukuambia yeye ni nani, na unaweza kukata simu bila kuaga.

Barua pepe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hapo mlango unafunguliwa na sisi wenyewe. Mwenye kinu au depo anataka kuandikisha biashara yake kwenye Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, anakwenda sekretaria, pale wanapopiga kopi na kuchapa barua. Kijana wa pale anamfungulia barua pepe kwa namba yake ya simu, neno la siri analiandika kwenye daftari lake, na kadi ya uchaguzi iliyoskaniwa inabaki kwenye kompyuta. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini daftari linalala mezani, kompyuta inaguswa na mtaa mzima, na kuanzia siku hiyo kila barua ya serikali kuhusu biashara yako inapita mikononi mwa mtu usiyemjua. Fungua barua pepe kwa namba yako mwenyewe. Kama hujazoea kompyuta, nenda na mwanao anayesoma, akae kwenye kiti, nawe andika neno la siri kwa kidole chako. Kabla ya kulipa, simama hapo hapo mpaka faili zako zifutwe na WhatsApp yako ifungwe kwenye mashine yao. Sema kwa sauti kwamba unasubiri. Hakuna aibu yoyote hapo.

Kiungo kikikujia, anza kukisoma mkiani. Tangu 1997, .cd ndiyo alama ya Kongo, ikichukua nafasi ya .zr baada ya jina la Zaïre kuondoka. Idara ya kodi iko dgi.gouv.cd, Guichet Unique iko guichetunique.cd. Tapeli hupenda kuweka gouv.cd katikati kisha akamalizia kwa jina lingine, akijua jicho lako litaridhika njiani. Angalia maneno ya mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina. Na .cd peke yake haithibitishi kitu, kwani majina hayo yanauzwa kwa yeyote mwenye pesa. Ziandike anwani za kweli kwenye karatasi, uibandike ukutani karibu na bei za unga.

Kuhusu malipo, kaza uzi. Deni la serikali lina karatasi yake, kama note de perception (hati ya kudai malipo), na pesa inaingia kwenye akaunti ya Hazina au ya jimbo, si kwenye simu ya mtu. Ukiona jina la mtu likitokea kabla ya kuthibitisha, simama. Hata akiwa wakala wa kweli mwenye kadi ya kweli, kanuni ni hiyo hiyo.

Tapeli anaishi kwa umbali wetu. Likasi ni kama kilomita 25, na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama 120 nyingine; anajua nauli inauma na depo haiwezi kufungwa siku nzima. Mwambie: «Sawa tata, kesho asubui nakuya mwenyewe. Uko mu biro gani?» Utasikia sauti ya mkubwa ikipotea. Kisha peleka dosie kweli: wafanyabiashara watano wakichanga nauli, mmoja anauliza kwa niaba ya wote.

Kwa kreza (wachimbaji) na negosia (wanunuzi wa madini) kuna mtego wake, mtu anayeuza karé ya mgodi kwa WhatsApp. Karé moja ni karibu hekta 85, na sehemu kubwa ya udongo wetu imo ndani ya vibali vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na washirika wake. Ramani ya CAMI, ofisi ya rejista ya vibali vya madini, iko wazi mtandaoni. Itazame kabla hujatoa hata franka moja.

Na kama pesa imekwisha kwenda, piga kwanza kwa kampuni ya simu uombe izuiwe, halafu badilisha PIN na neno la siri, halafu nenda kwa OPJ, afisa wa polisi ya mahakama. Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu uhalifu wa namna hii. Usifute meseji zake kwa hasira: OPJ anahitaji namba, saa, na jina lililotokea kwenye skrini ulipotuma.