Aina za Parokia: Utafiti wa Jumapili Kumi na Nne na Nusu

Wataalamu wa wadudu wana vitabu vya kuainisha mende, na wa ndege wana darubini. Mkatoliki anayehamia Dar es Salaam na begi, godoro na cheti cha ubatizo hana hata kijitabu cha kumwambia parokia iliyo mbele yake ni ya jamii gani, inakula nini na inazaana vipi. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo, kama wasemavyo wanaoandika tasnifu.

Usuli wa tatizo ni huu. Mwanzoni mwa Januari nilihamia Kimara nikitokea Peramiho. Peramiho hakuna mtu anayetafuta parokia. Wabenediktini walifika mwaka 1898, wakajenga, wakapanda miti, wakatundika kengele, na kengele ikilia kila mwenye miguu anajua pa kwenda. Jumapili yangu ya kwanza Kimara nilisikia kengele mbili kwa mpigo, kutoka pande mbili, na ya tatu niliyoifuata hadi mwisho wa mtaa ikawa ya baiskeli ya aiskrimu.

Utafiti ulianza siku ya Tokeo la Bwana ukamalizika Jumapili ya Matawi: Jumapili kumi na nne na nusu. Hiyo nusu nitaieleza. Vyombo vya utafiti vilikuwa daladala, mwendokasi, miguu, na bodaboda mara moja siku ya mvua. Mtafiti alikaa benchi la nne kutoka nyuma, karibu na nguzo, mahali ambapo mtu anaona bila kuonwa na anaweza kutoka baada ya Komunyo bila kukanyaga miguu ya wenzake. Vilipimwa vitu vitatu: urefu wa mahubiri, idadi ya sadaka, na muda unaopita kati ya maneno "ninayo matangazo machache" na tangazo la mwisho.

Mahubiri hayakutoa matokeo ya maana. Padre mfupi Jumapili hii ni mrefu Jumapili ijayo, hasa Askofu akiwa amepita. Sadaka nazo zinatabirika: ya kwanza, ya pili, zaka ndani ya bahasha yenye namba, ya ujenzi, ya kutegemeza jimbo, na ile isiyo na jina inayopitishwa wakati watu wameshaanza kutafuta funguo za nyumba. Kigezo cha matangazo ndicho kilichozaa sayansi. Muda mfupi kuliko wote niliopima ulikuwa dakika saba, na katibu aliyeyasoma alikuwa na homa. Mrefu kuliko wote ulikuwa dakika arobaini na moja. Baada ya kulinganisha takwimu nimeunda kanuni ifuatayo: urefu wa matangazo hautegemei wingi wa matangazo, unategemea nani ameshika kipaza sauti.

Matangazo yenyewe yana mpangilio usiobadilika popote. Kwanza ndoa: tangazo la kwanza, la pili, la tatu na la mwisho, na kina mama wote hugeuka kumtafuta bibi harusi. Halafu WAWATA, yaani wanawake Wakatoliki, na sare: kitenge kimefika, mita zimebaki chache. Jumuiya ya kufanya usafi Jumamosi. Gari jeupe lililoziba njia. Funguo zimeokotwa. Halafu, mtafiti akiwa ameshapumua, linakuja lile la hatari: "Wageni wetu, waliosali nasi kwa mara ya kwanza, tunaomba msimame."

Wageni ndio chakula cha parokia. Nilisimama katika parokia tatu, nikapigiwa makofi ya kupangwa, nikataja jina na nilikotoka, nikakaa. Katika mojawapo nilirudi juma lililofuata na, kwa mazoea, nikasimama tena. Mzee wa pembeni akanivuta shati. "Kijana, wewe si ulisimama wiki iliyopita?" Nikamwambia ni kweli, mzee. Akasema, "Basi kaa. Wewe sasa ni wa kwetu." Kitaalamu hii inaitwa kuchafua sampuli, na sikwenda tena.

Sasa tuingie katika uainishaji.

Jamii ya kwanza ni parokia ya mjini, ya kale, ambayo mfano wake kamili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Posta, linaloitazama bandari. Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1897, likakamilika 1902, na mnara wake bado unajitetea kati ya maghorofa ya vioo. Sifa ya jamii hii ni kwamba waumini wake wengi wamekuja kwa chombo cha usafiri. Usiku Posta hulala walinzi na paka. Jumapili asubuhi hushuka watu wa Kimara, Mbagala na Kigamboni, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenyeji. Kwa mtu asiyetaka kujulikana, hapa ni mbinguni.

Lakini mgeni ajihadhari. Mita chache kutoka hapo, ufukwe ule ule, lipo kanisa la Azania Front, nalo la Wajerumani, nalo lina mnara, ila hao walikuwa Wajerumani wa Luther. Nilishuka mwendokasi nikafuata kengele, nikaingia, nikachovya vidole palipostahili kuwa na maji ya baraka nikagusa ukuta. Nikasema huu ni ukame. Niliketi. Nyimbo zilikuwa nzuri, kwa kweli nzuri kuliko zetu, na sauti ya pili ilisikika kama sauti ya pili. Nilianza kushtuka nilipokosa sanamu ya Bikira Maria kulia na kushoto. Nikashtuka kabisa mhubiri alipomsalimu mke wake. Nikatoka kwa heshima, nikafika Mtakatifu Yosefu wakati wa vipaji. Hiyo ndiyo nusu.

Jamii ya pili, ambayo nitaipa jina la Kilatini ili iheshimike, ni *Parochia cementaria*, parokia ya ujenzi. Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote pembezoni mwa jiji, kwa sababu jiji linakimbia na Kanisa linalifuata na mchanga. Utaitambua kwa mabati mapya juu ya kuta zisizo na lipu, viti vya plastiki, nondo zilizochomoza juu ya nguzo kama nywele za mtoto aliyeamka, na madirisha ambayo bado ni mashimo, hivyo Injili husikika hadi kwenye kibanda cha chipsi. Hapa imani hupimwa kwa mifuko. "Nani ana mifuko mitano? Mitatu? Hakuna wa mitatu? Mungu anawaona." Baada ya Misa unafuata mnada wa matoleo: nazi, mkungu wa ndizi, jogoo. Jogoo niliyemchunguza aliuzwa mara tatu ndani ya robo saa, kwa kuwa kila aliyemnunua alisema "namrudisha kwa Bwana" na mnadi akaanza upya. Sijui mnyama mwingine mwenye kipato kama kile. Mimi mwenyewe, katika joto la mkutano, niliahidi mifuko miwili ya saruji, nikailipa. Imo katika ukuta wa kusini wa kanisa nisilosali.

Jamii ya tatu, parokia za ukanda wa bahari, nitaipitia haraka. Zina Misa ya Kiingereza, maegesho yenye kivuli na matangazo mafupi, kwa sababu wengi wetu Kiingereza hakituruhusu kurefusha.

Jamii ya nne ni ngumu zaidi: parokia ya nyumbani. Hii si ya mahali ulipo, ni ya mahali ulipotoka. Kila mhamiaji ana binamu atakayemwambia, "Wewe njoo kwetu Tabata, tupo wengi." Chanzo chake ni historia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye wakapanda Kilimanjaro. Wamisionari wa Afrika walikwenda upande wa maziwa. Wabenediktini wakachukua kusini. Kila shirika lilifundisha dini moja kwa mazoea yake, na kila mwanafunzi akaamini kwamba mazoea ya kwao ndiyo Roma yenyewe. Wajukuu wao sasa wamebanana benchi moja mjini. Mtu wa Bukoba anashangaa ngoma imeanza mapema, mtu wa Rombo anaona Baba Yetu inaimbwa taratibu mno, na mimi wa Peramiho nakaa kimya nikijua kwamba wote wawili wamekosea.

Watafutaji nao wana aina zao, na hawastahili zaidi ya aya moja. Yupo mfuata kwaya, ambaye wimbo wa mtunzi Mgandu ukiimbwa vibaya Jumapili moja anahama tarafa. Yupo mfuata padre, anayehama Msimbazi kwenda Mbezi kwa ajili ya mahubiri ya mtu mmoja, mpaka barua ya Askofu itoke na padre apelekwe kwingine, na yeye abaki kama kuku aliyeachwa na waliohama. Yupo mkimbizi wa zaka, asiyekaa parokia yoyote kwa muda wa kutosha kupewa bahasha. Na yupo mfuata saa, anayejua Misa ipi katika jimbo zima humalizika mapema. Uadilifu wa kitaaluma unanilazimu kukiri kwamba mimi ni wa kundi la mwisho, na nyakati nyingine la mwisho kasoro moja.

Sasa sheria. Nilikuwa nimefika Jumapili ya kumi na moja ndipo rafiki aliyepitia seminari akanifungulia Sheria za Kanisa za mwaka 1983, na utafiti wangu ukaporomoka kama banda. Kanuni ya 1248 ilinipa faraja: amri ya Jumapili unaitimiza popote inapoadhimishwa Misa ya Kikatoliki, kwa hiyo kuzurura kwangu hakukuwa dhambi, ukiacha ile nusu. Lakini kanuni ya 518 inasema parokia kwa kawaida ni eneo, yaani mipaka, yenye waumini wote wakaao humo. Kanuni ya 107 inasema paroko wako unampata kwa makazi yako. Na kanuni ya 102 inaeleza makazi hayo: miaka mitano kamili au nia ya kukaa moja kwa moja ndiyo makazi yenyewe, nia ya kukaa walau miezi mitatu ni nusu-makazi, nayo inatosha.

Rafiki yangu akauliza, "Mwenye nyumba ulimlipa kodi ya miezi mingapi?"

Nikamwambia sita, kama wanavyodai wote.

"Basi nia imethibitika, na risiti unayo. Una paroko tangu siku uliyopokea funguo."

Kwa maneno mengine, nilikuwa nikitafuta kwa mwendokasi kitu kilichonipata siku ya kushusha godoro. Jambo hili ni la zamani. Mtaguso wa Trento ulipofungwa mwaka 1563 ulikuwa umeshaagiza watu wawe na parokia zenye mipaka na mapadre wao maalumu, nadhani kwa kuwachoka watu kama mimi.

Hata hivyo sheria ingebaki kwenye rafu kama si jumuiya. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, familia za jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Walichokiunda, kwa mtazamo wa mtafiti, ni mtandao wa upelelezi usio na mfano. Jumapili ya Matawi nilikuwa nimesali mbali sana na Kimara, nikarudi na tawi langu, nikalichomeka juu ya mlango kama afanyavyo mama yangu. Jumatatu jioni pakabishwa hodi.

"Hodi humu! Tumsifu Yesu Kristo."

Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. "Milele amina." Hapo ndipo nilipokamatwa.

Alikuwa mama wa makamo, kanga begani, daftari la jalada gumu kwapani. "Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba baba. Nimeona tawi mlangoni. Miezi mitatu tunakuona unatoka Jumapili na shati limenyooshwa, tukadhani ni mlokole."

"Hapana, mama. Nilikuwa bado natafuta parokia."

"Unaitafuta wapi?" Aliuliza kwa upole kabisa, akiangalia nyuma yangu kama ningekuwa nimeificha ndani. Kisha akasema lile ambalo hakuna kanuni iliyolisema wazi namna hiyo: "Baba, ukifa usiku huu, nani ataenda kumwambia paroko kwamba anakufahamu?"

Sikuwa na jibu. Parokia tisa zilikuwa zimenipigia makofi au kunipa kiti, na hakuna hata moja ambayo ingejua nimekufa. Yeye angejua kabla ya saa mbili asubuhi, kwa shati kutotoka. Ubatizo wa mtoto, ndoa, mazishi, vyote huanzia kwenye daftari lile. Bila mwenyekiti wa jumuiya kuandika barua, ofisi ya parokia itakuuliza kwa heshima wewe ni nani. Akaketi kwenye ndoo, akafungua ukurasa wenye mistari iliyopigwa kwa rula: jina, kwao, ndoa, simu, mchango wa msiba. Kwenye ndoa aliandika "bado" bila kuniuliza. Nikawa namba thelathini na nne.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye mkeka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, na watu kumi na watano ambao wote walijua chumba changu kina dirisha moja. Tulisoma Injili ya kesho yake. Kila mmoja alisema neno lake, na mtoto wa darasa la tatu akasema la maana kuliko langu. Kisha mwenyekiti akafunga Biblia, akafungua daftari, akasema ana matangazo machache. Nilitazama saa kwa mazoea ya kazi: dakika thelathini na tatu, bila kipaza sauti. Ile kanuni yangu imeanguka na naiondoa rasmi.

Tangazo la mwisho lilikuwa kwamba Jumamosi ijayo jumuiya inasali kwangu. Nina viti viwili. Vingine kumi na vinne nimeazima kwa Mlutheri wa nyumba ya tatu.