Taa Isimtangulie Marehemu

Mfalme wa igizo kachomwa kisu, kaanguka, na bado ana maneno ya mwisho. Taa imeamriwa ififie kwa sekunde 10. Sekunde 5 za mwanzo zinapita na wa viti vya nyuma haoni mabadiliko ya maana. Sekunde ya mwisho giza linadondoka pu! kama embe bivu, na msiba unageuka kichekesho. Lawama zote humwendea fundi taa, eti kasinzia. Mimi namtetea. Mkosaji ni mkunjo, yaani ile kanuni iliyomo kwenye mtambo wa kuendeshea taa, inayoamua kitelezo kinachosukumwa kwa kidole kikifika hapa, taa iwake kiasi gani. Mkunjo ulionyooka hutoa nusu ya mwanga kitelezo kikiwa nusu. Mbele ya kipimo hiyo ni haki, lakini jicho lina hesabu zake: mwanga wa asilimia 50 huuona kama 70, na wa asilimia 10 huuona kama 30 hivi. Ndiyo maana mafundi wengi huchagua mkunjo wa mraba: kitelezo nusu, mwanga robo, na jicho linaridhika kwamba limeona nusu.

Watasema mchagua jembe si mkulima. Fundi hodari husawazisha kwa mkono. Sawa, kwa taa moja. Lakini siku hizi balbu za waya na taa za LED hukaa chini ya kitelezo kimoja. Waya hupoa taratibu, ukiaga kwa wekundu kama kaa la jikoni. LED haijapata kusikia kwamba pole pole ndio mwendo. Tena ngazi 256 za DMX, ile lugha ambayo mtambo huamrishia taa, kuanzia 0 hadi 255, hutosha huku juu kwenye mwanga mwingi, ila karibu na giza taa huteremka kwa vishindo kama mlevi. Mkono gani utayasawazisha yote hayo, kila usiku vilevile? Wengine watasema watazamaji hawajui mikunjo. Hawajui, ila kucheka wanajua. Wala mkunjo mmoja haufai kila kifaa: feni ya kusambaza moshi hutaka kuwaka au kuzima tu, ukiipa umeme nusunusu itanguruma, pengine iungue, na moshi utakaotoka hautakuwa wa igizo. Basi mkunjo usichaguliwe kwa kukodolea namba za mtambo. Mtu mmoja alale jukwaani mahali pa marehemu, fundi akae kiti cha nyuma, na taa ishushwe tena na tena mpaka giza na pumzi ya mwisho vifike pamoja.